Kuchuchumaa Mara Mbili

Saa nne usiku. Cherehani nimeifunika,
sare za watoto wa watu zimelala kitini,
nami naingia vitani kwa jina la Mzee Kobe:
mvi kichwani, koti jekundu,
viatu nilivyovinunua kwa hela ya mboga
nikala mlenda siku nne bila kulalamika.

Huyo mzee anajua kucheza.
Mimi, kwenye sendofu ya mdogo wangu Merabu,
nilishika soda mpaka ikaisha gesi.
Yeye akiangusha adui anarusha miguu,
anazungusha kofia, analala chali anacheka,
na watu wa Mwanza, wa Lubumbashi, wa miji nisiyoijua
wanamzunguka, bunduki chini,
tunacheza juu ya paa la ghala
hadi atokee asiye na adabu atumiminie risasi wote.

Huko hakuna hodi, wala lugha moja.
Ukitaka kusema mimi si adui
unachuchumaa, unasimama,
unachuchumaa, unasimama.
Mwenzako akichuchumaa, mmeshaamkiana.
Bibi yangu wa Mpwapwa asingeshangaa:
mbukwa yake ilipitia kwanza kwa ng'ombe,
kwa mvua, kwa watoto, kwa mtama,
ndipo ifike kwenye shida iliyokuleta.

Maiki nimeizima.
Niliifungua mara moja tu, mwaka juzi.
Nilisema "kushoto kwako,"
sauti ikatoka ya kike kama ilivyo,
wakamsahau adui wakanigeukia mimi.
Kapike. Tuma picha. Nani kakuachia simu?
Tangu siku hiyo Mzee Kobe ni bubu
na wote wanamheshimu.

Jumanne akaingia mmoja kikosini,
Chui Asiyelala,
mdomo pilipili kichaa:
"Boti wewe! Mzee mzima unakimbia kama mbuzi wa mnadani!
Mama yako ndiye..."
Simalizii. Hata karatasi ina aibu yake.

Ndipo punda akalia.
Kwanza dirishani kwangu, hapa Nkuhungu,
punda wa Chilongani anayebeba madumu,
halafu, kwa kuchelewa kidogo, masikioni,
ndani ya matusi ya Chui.
Punda mmoja, vilio viwili.
Nikavua hedifoni upande mmoja. Nikahesabu nyumba.

Nyemo. Wa kidato cha tatu. Ukuta wa pili.
Suruali yake nimeikunja upindo mimi.
Kila alfajiri pale bombani, macho chini:
"Shikamoo, mama mdogo,"
na ndoo yangu ameshaipokea sijamwomba.

Nilikosa usingizi. Yupi ndiye Nyemo,
huyu wa ndoo au yule wa mdomo?
Nilitaka kwenda kwa mama yake asubuhi.
Nikakumbuka koti jekundu,
nikajigeuza upande wa ukutani.

Alhamisi Chui akaanguka.
Anatambaa kwa magoti nyuma ya kibanda,
watatu wanamfuata, wenzetu wameshakimbia.
Mzee Kobe akaenda. Akapiga goti,
akamfunga bandeji sekunde kumi
ndefu kama foleni ya hospitali,
matofali yakimegeka juu ya vichwa vyetu.
Chui kimya.
Kisha kwa sauti ndogo, ya mtu anayechelea kuamsha nyumba:
"Asante, mzee. Shikamoo."

Nikaandika: marahaba.
Nilikosea herufi mara mbili.

Asubuhi upepo wa Julai unachapa vumbi,
ndoo zimepangwa hadi kwa muuza zabibu.
"Shikamoo, mama mdogo."
Sikuitika.
Nikatua ndoo chini.
Nikachuchumaa, nikasimama,
nikachuchumaa, nikasimama,
kanga inapepea, magoti yanalia ko, ko.
Mama Yaledi akauliza kama ni mgongo tena.

Nyemo mdomo wazi, mkono hewani.
Ndoo yake ikajaa, ikafurika,
maji yakatushika miguu wote wawili
na hakuna aliyefunga bomba.